Maji Yakizidi Magadi Nyumbani



Mwezi huu tunajibu barua ya mama mmoja wa Kahama. Anaeleza kwamba mume wake, baada ya Mungu kubariki biashara yao, alijenga bwawa dogo la kuogelea uani ili watoto waache kwenda kuogelea lamboni. Miezi ya mwanzo maji yalikuwa maangavu hata ungeona sarafu chini. Kiangazi kilipokolea yakaanza kuwa meupe kama maji yaliyooshewa mchele. Pembezoni, pale maji yanapogusa ukuta, kukajengeka gaga jeupe lisilotoka kwa brashi. Watoto wakawa wanatoka majini na macho mekundu na ngozi inayowasha. Mama akaongeza klorini, haikusaidia. Akaongeza tena, na badala ya maji kutakata, yakaota ukijani. Kijana anayesafisha bwawa akamwambia, "Mama, maji yamezidi magadi. Nunua maji ya betri tumwagie, yatatulia." Mama anauliza mambo mawili. Je, ni salama kumwaga maji ya betri? Na kwa kuwa kisima kinachojaza bwawa ndicho kinachojaza tanki la jikoni, je, tunakunywa nini?

Nampongeza mama huyu kwa kuuliza kabla ya kumwaga. Jibu fupi ni hili: kijana amesema kweli kuhusu magadi, lakini dawa aliyotaja ni ya hatari. Nalo swali la pili la mama ni zito kuliko la kwanza. Wewe ambaye huna bwawa usifunge gazeti. Ukiwa na kisima cha pampu, simtanki au pipa la maji, habari hii ni yako pia.

MAGADI YA MAJI NI NINI?

Maji ya mvua yanaposhuka hayana magadi. Huyapata ardhini. Nchi yetu ya Usukuma imekaa juu ya miamba ya matale na udongo mweusi wa mbuga. Maji yanayokaa chini ya ardhi kwa miaka mingi huyeyusha chumvichumvi za mawe hayo, na baadhi yake ni za jamii ya magadi. Wataalamu huziita alkali.

Kuna mambo mawili yanayochanganywa mara nyingi. La kwanza ni pH, yaani kipimo kinachoonyesha kama maji yameelekea upande wa uchachu au upande wa magadi. Kipimo hiki huanzia 0 hadi 14, na 7 ndiyo katikati. Maji ya ndimu yako karibu na 2. Povu la sabuni ya kipande liko karibu na 10. La pili ni wingi wa alkali iliyoyeyuka ndani ya maji. Hiyo ni akiba inayoshikilia pH isibadilike upesi.

Fikiria sufuria nyepesi na chungu kizito cha udongo. Sufuria ukiiepua motoni hupoa mara moja. Chungu ukikiepua huendelea kutokota, kwa sababu kimehifadhi moto mwilini mwake. pH ni kama joto unalolihisi kwa mkono; alkali ni kama uzito wa chungu. Maji yenye alkali nyingi ni wagumu wa kubadilika: leo unashusha pH, kesho kutwa imerudi pale pale. Ndiyo maana mtu anayepima pH peke yake hushindana na bwawa lake mwaka mzima.

Jikoni unaweza kuyatambua maji haya bila mashine. Chai huwa nyeusi iliyofifia. Maharage huiva upesi na kupondeka. Unga wa ngano huelekea umanjano. Mkononi maji huteleza kama sabuni isiyokwisha kusuuzika. Usiyachanganye na maji magumu, yaani yale yanayokataa povu, yanayofanya maharage yasiive na kuacha ukoko mweupe ndani ya birika. Visima vingine vina tabia zote mbili.

Kipo pia kipimo cha choya, yaani lile ua jekundu tunalotengenezea sharubati. Chemsha choya kidogo katika maji machache hadi rangi ikolee. Dondosha matone machache tu kwenye glasi ya maji unayotaka kuyajua, na matone machache kwenye glasi ya maji ya mvua. Maji ya mvua yatakuwa na rangi nyekundu au waridi. Maji ya magadi yataigeuza rangi kuwa zambarau au buluu iliyofifia, na magadi yakiwa mengi sana itaelekea ukijani. Kipimo hiki hakitoi namba, lakini kinatosha kukufungua macho.

KWA NINI MAGADI HUPANDA?

Mama wa Kahama anasema mwanzoni maji yalikuwa mazuri. Nini kilibadilika? Ziko sababu nne.

Ya kwanza ni jua na upepo. Bwawa linapokauka kidogo kidogo, yanayopaa ni maji peke yake. Chumvi na magadi hubaki. Kisha tunajazia kwa maji ya kisima kile kile, yenye magadi mapya. Ni kama mama anayechemsha mchuzi, ukipungua anaongeza maji yenye chumvi, ukipungua tena anaongeza tena. Jioni mchuzi haulambiki. Katika kiangazi chetu kirefu, bwawa hujaziwa mara nyingi mno.

Ya pili ni hewa. Maji yanayotoka kisima kirefu huwa na hewa ya ukaa iliyoyeyuka ndani yake, kama ile ya soda. Hewa hiyo huyafanya yawe na uchachu kidogo. Yakikaa wazi, hewa hutoka kama soda inavyopoa, na pH hupanda yenyewe. Hivyo maji yaliyopimwa kwenye pampu yanaweza kuonyesha namba nzuri, na siku mbili baadaye yakiwa bwawani au tankini yakaonyesha namba nyingine.

Ya tatu ni saruji mpya. Bwawa au tanki la saruji lililopigwa lipu karibuni hutoa chokaa ndani ya maji kwa miezi kadhaa.

Ya nne ni klorini yenyewe. Klorini ya maji na ile ya unga tunazozoea zote zimeelekea upande wa magadi. Kila unapoongeza, unaongeza na hayo.

KLORINI INAPOPOTEZA NGUVU

Hapa ndipo penye hatari ya kweli, akina mama, nami ningependa tuelewane vizuri.

Klorini ikiingia majini hugawanyika katika sura mbili. Moja ni kali na huua vijidudu upesi. Nyingine ni mvivu. Kinachoamua ni ipi itakuwa nyingi ni pH ya maji. Maji yakiwa na pH 7.5, karibu nusu ya klorini huwa katika sura ile kali. Yakifika 8, hubaki kama robo tu au pungufu. Yakifika 8.5, hubaki karibu sehemu 1 kati ya 10. Dawa ni ile ile, kipimo ni kile kile, bei ni ile ile, lakini sehemu kubwa ya nguvu imelala.

Kwa hiyo kuongeza klorini katika maji yaliyozidi magadi ni kama kuongeza kuni mbichi jikoni. Moshi unazidi, ugali hauivi. Ndiyo sababu bwawa la mama yetu liliota ukijani ingawa fedha iliteketea.

Tuondoe na dhana moja. Watu wengi wakinusa harufu kali ya klorini bwawani husema, "Hapa dawa imejaa, ni salama." Sivyo. Mara nyingi harufu ile na macho kuwasha hutokana na klorini iliyokwisha kuungana na jasho na mkojo wa waogeleaji. Bwawa lililotunzwa vizuri halinuki sana. Basi wafundishe watoto kwenda msalani na kuoga kwa sabuni kabla ya kuingia majini.

KUREKEBISHA BWAWA HATUA KWA HATUA

1. Pima kwanza. Nunua karatasi au chupa za kupimia maji ya bwawa. Unatafuta namba tatu: pH iwe kati ya 7.2 na 7.8, alkali yote iwe kati ya miligramu 80 na 120 kwa lita, klorini huru iwe kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita. Andika tarehe na namba katika daftari, kama tunavyoandika uzito wa mtoto kwenye kadi ya kliniki. Namba moja haisemi kitu kikubwa. Namba za wiki nne huonyesha mwelekeo.

2. Jua ujazo wa bwawa lako. Zidisha urefu kwa upana kwa kina cha wastani, vyote kwa mita, kisha zidisha kwa 1,000 upate lita. Bwawa la mita 6 kwa 3 lenye kina cha wastani cha mita 1.2 lina lita 21,600. Mtu asiyejua ujazo hawezi kupima dawa, sawa na muuguzi asiyejua uzito wa mtoto.

3. Anza na maji kabla ya dawa. Njia ya upole kuliko zote ni kutoa sehemu ya maji na kujazia yenye magadi machache. Maji ya mvua ni bora kabisa. Maji ya bomba kutoka Ziwa Victoria nayo yana chumvichumvi chache kuliko ya visima vyetu vingi. Ukibadilisha robo ya maji kwa maji yasiyo na magadi, umepunguza robo ya magadi yote. Usitoe maji yote kwa mara moja bila kumwuliza fundi, maana bwawa tupu linaweza kupasuka. Yale unayoyatoa usiyamwagie bustani ya mboga siku ile ile uliyotia klorini.

4. Dawa ikilazimu, iwe ile iliyotengenezwa kwa ajili ya mabwawa. Ipo tindikali kavu ya unga, ambayo ni nafuu kushika kuliko ya maji. Kwa kadiri, robo kilo yake katika lita 10,000 hushusha alkali kwa miligramu 10 hivi kwa lita. Bwawa la lita 21,600 litahitaji kidogo zaidi ya nusu kilo kwa kila miligramu 10. Usitie yote kwa pamoja. Tia nusu, acha pampu izungushe maji saa kadhaa, pima, ndipo uendelee kesho yake. Soma maelezo ya pakiti, maana ndiyo yanayojua nguvu ya dawa uliyonunua.

5. Rekebisha alkali kwanza, pH baadaye. Ukitia tindikali, zote mbili hushuka. Ikiwa pH imeshuka mno wakati alkali bado iko juu, rusha maji hewani kwa pampu. Hewa ya ukaa itatoka na pH itapanda bila kuongeza magadi.

6. Shika kanuni za usalama. Vaa glavu na miwani ya kukinga macho. Tindikali huingizwa ndani ya maji. Kamwe maji hayamwagwi juu ya tindikali, kwa sababu huruka. Usichanganye tindikali na klorini, wala kutumia ndoo moja kwa zote mbili, wala kuziweka rafu moja. Zikikutana hutoa hewa ya sumu inayochoma mapafu. Watoto wasiingie bwawani mpaka umepima tena na namba zimekaa sawa.

Na juu ya yote, bwawa liwe na uzio na mlango unaojifunga wenyewe. Mama wa Kahama na mume wake walifanya vema kuwaepusha watoto na lambo, kwa kuwa malambo yetu yana kichocho, na yale maduara ya zamani ya wachimbaji kule Geita hujaa maji ya mvua na kuwa kaburi. Lakini bwawa la nyumbani nalo humeza. Mtoto mdogo huzama kimya, bila kupiga kelele, mama akiwa amegeuka kuepua sufuria.

TINDIKALI YA MITAANI NA MAPIPA YA MITAMBO

Turudi kwa maji ya betri. Hiyo ni tindikali kali ya salfa. Ikiwa imetoka katika betri iliyotumika, ina risasi, na risasi huharibu ubongo wa mtoto polepole bila dalili za mapema. Katika miji yetu ya dhahabu kuna tindikali nyingine pia, ile ya naitriki wanayotumia wanunuzi kujaribu na kusafishia dhahabu. Zote hizi hazina nafasi bwawani, na maji ya kunywa ndiyo kabisa. Asikudanganye mtu kwamba "ni ile ile tu."

Jambo jingine, nalo naomba ulisome mara mbili. Katika mitambo ya kuchenjua marudio kwa sianidi, maji hufanywa yawe na magadi makusudi. Wenye mitambo huweka chokaa au kostiki soda ili pH ibaki juu, kama 10 hadi 11. Kwa nini? Kwa sababu pH ikishuka, sianidi hugeuka kuwa hewa inayoua mtu kwa dakika chache. Sasa mapipa na madumu yaliyobeba dawa hizo huuzwa mitaani kwa bei ya chini. Mama mwenye shida ya maji huona pipa imara la bluu, analisuuza kwa sabuni, analitega maji ya mvua. Sabuni haimalizi sumu hiyo. Na endapo mtu atamwaga tindikali katika chombo chenye mabaki ya sianidi, hatapata nafasi ya kujuta.

Kwa hiyo tujiwekee sheria nyumbani: chombo cha maji ya familia ni kile tulichokinunua kipya, au kilichobeba chakula. Kilichotoka mtamboni kirudi mtamboni. Baba akiwa ni mchimbaji, zungumzeni naye kwa upole. Yeye huleta pipa akidhani anakusaidia. Mwambie pia asioshe dhahabu yenye zebaki uani wala kuichoma jikoni, kwa sababu kuchemsha maji hakuondoi zebaki, na klorini haiondoi.

SASA TUANGALIE TANKI LA JIKONI

Ikiwa kisima ni kimoja, basi yaliyolipata bwawa yanaweza kulipata tanki. Ile klorini unayoweka kwenye ndoo ya maji ya kunywa nayo hulala katika maji ya magadi. Hili si jambo dogo kwetu. Kipindupindu kilitutesa katika mlipuko mkubwa ulioanza nchini Agosti 2015, na mwanzoni mwa mwaka 2024 kilizuka tena katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, Shinyanga na Simiyu zikiwemo. Mama anaweza kuwa ametia dawa kwa uaminifu na bado watoto wakaharisha.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba klorini hufanya kazi vizuri katika maji yenye pH chini ya 8, ikikaa dakika 30 au zaidi, na mwishowe ikabaki angalau miligramu 0.5 kwa lita. Tufanye nini basi ikiwa maji yetu yako juu ya hapo?

Usitie ndimu, siki wala tindikali yoyote kwenye ndoo ya maji yenye klorini. Badala yake fanya hivi. Chuja maji kwanza kwa kitambaa safi, kwa sababu matope nayo hula klorini. Tia kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti au na mtaalamu wa afya. Yape maji muda zaidi ya dakika 30; saa moja au mbili ni bora kwa maji ya magadi. Au chemsha. Moto hauchagui maji. Yakitokota kabisa kwa angalau dakika 1, vijidudu hufa, magadi yawepo yasiwepo. Kisha yahifadhi katika chombo chenye mfuniko na bomba, mikono na vikombe visizamishwe humo.

Safisha tanki kabla ya masika. Gaga jeupe na tope la chini ni maficho ya vijidudu, na klorini huishia hapo kabla haijafika kwenye kikombe chako.

MENO YA WATOTO HUSEMA

Liko jambo ambalo kuchemsha hakulimalizi. Maji ya magadi yasiyo na chokaa nyingi mara nyingi hubeba madini ya floraidi kwa wingi. Chokaa ikiwepo huikamata floraidi. Isipokuwepo, floraidi hubaki huru majini. Mkoa wa Shinyanga unajulikana kwa visima vya namna hii, sawa na Arusha na Singida. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kwa miaka mingi nchi yetu ililazimika kuvumilia zaidi ya hapo, kwa vile sehemu nyingi hazikuwa na chanzo kingine.

Floraidi ikizidi, meno ya mtoto huota na madoa meupe kama chaki, kisha huwa ya kahawia. Meno ya kudumu hujengwa ndani ya ufizi tangu utotoni hadi kama miaka 8, kwa hiyo madhara hutokea kabla hujayaona. Kiasi kikiwa kikubwa kwa miaka mingi, mifupa hukakamaa na kupinda. Ukiyachemsha maji hayo, floraidi huzidi kukolea, kwa sababu maji hupungua nayo ikabaki.

Magadi ya dukani tunayotia kwenye maharage na mlenda nayo mara nyingi yana floraidi. Mama mwenye watoto wadogo ayaache, hasa kama maji yake tayari ni ya magadi. Loweka maharage usiku kucha, yataiva.

Yapo mambo matatu ya kufanya. Kwanza, pima. Maabara za ubora wa maji za Wizara ya Maji hupima pH, alkali na floraidi. Wanawake 10 wanaotumia kisima kimoja wanaweza kuchanga gharama. Pili, watengee watoto maji ya kunywa na kupikia kutoka chanzo kingine. Maji ya Ziwa Victoria yanayotoka Ihelele, wilayani Misungwi, yamekuwa yakija Kahama na Shinyanga tangu mradi ule mkubwa ulipozinduliwa mwaka 2009. Kama bomba limefika mtaani, ndoo 2 za bomba ziwe za kunywea na kupikia, kisima kibaki cha kufulia. Kama halijafika, vuna mvua: acha mvua ya kwanza ioshe bati, kisha ukinge. Tatu, ujue kwamba kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimekuwa kikichuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Sisi tuna ng'ombe wengi, lakini usichome mifupa mwenyewe uani. Inahitaji joto maalumu. Isipochomwa sawasawa hunukisha maji na haichuji.

HUDUMA YA KWANZA

Tindikali, kostiki au klorini ikiruka jichoni, osha jicho kwa maji safi yanayotiririka, kope zikiwa zimefunguliwa, kwa angalau dakika 20, ndipo ukimbie hospitali. Ikimwagika mwilini, vua nguo na mwagia maji mengi. Mtoto akinywa, msukutulishe, wala usimtapishe, kwa sababu dawa itachoma koo mara ya pili ikirudi. Usimpe ndimu, siki wala magadi ili "kuua makali." Nenda hospitali mara moja na uchukue chombo alichonywea. Mtu akivuta hewa ya sumu, mtoe nje penye upepo; nawe usijifungie naye humo ndani.

NENO LA KUTUFARIJI

Katika 2 Wafalme 2:19–22 tunasoma habari za watu wa Yeriko. Walimwendea nabii Elisha wakamwambia kwamba mji wao uko mahali pazuri, ila maji yake ni mabaya na nchi haizai. Elisha hakuwalaumu, wala hakusema ni mambo madogo ya jikoni. Aliomba chombo kipya, akatia chumvi, akaenda hadi kwenye chemchemi yenyewe, na Bwana akayaponya maji.

Mimi huona mambo matatu hapo. Watu walisema shida yao wazi. Chombo kilikuwa kipya. Na nabii alikwenda penye chanzo. Kwetu sisi muujiza huo una kazi ndani yake: kuuliza, kupima, kutafuta chombo safi na kwenda hadi kisimani, badala ya kuongeza dawa juu ya dawa. Miji yetu ya dhahabu na almasi imekaa mahali pazuri kweli. Watoto wetu wanastahili na maji yake yawe mema.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kisima tunachotumia kimewahi kupimwa? Nani kati yetu atafuatilia?
2. Ni nyumba ngapi mtaani kwetu zina mapipa yaliyotoka mitamboni? Tutawaelezaje majirani bila kuwaaibisha?
3. Tunaweza kuchanga vipi ili kila mwezi mama mmoja apate tanki la kuvunia mvua kabla ya masika?
4. Tindikali, klorini na dawa nyingine zimewekwa wapi nyumbani kwetu, na je, mtoto wa miaka 3 anazifikia?

Mungu azibariki nyumba zenu. Tukutane mwezi ujao.